Deni la Mtoto Si Letu Kulisamehe



Hivi karibuni tulipendekeza kwa vijana wa parokia moja ya mji wetu wa Bukavu siku moja ya mafundisho juu ya sheria ya talaka, juu ya malezi ya watoto ambao wazazi wao wametengana, na juu ya matunzo ambayo watoto hao wanadai. Tulijibiwa kwa adabu, lakini tulikataliwa. Kijana aliyesema kwa niaba ya wenzake alituambia: "Mwalimu, sisi Wakatoliki hatuna talaka. Kwa nini tujifunze sheria ya kitu tusicho nacho?" Wazee waliokuwapo waliafiki. Mmoja wao akaongeza kwamba kumfundisha kijana sheria ya talaka ni kumwonyesha mlango wa kutokea kabla hajaingia nyumbani.

Maneno hayo yanapendeza masikioni. Sisi tunaoandika ukurasa huu tuliyasema wenyewe kwa miaka mingi, tukiwa walimu wa dini na walimu wa shule. Leo tunayapinga waziwazi, kwa sababu tumeona yanayofichwa chini yake.

Tuanze na kosa letu wenyewe, ili mtu asidhani kwamba tunawanyoshea wengine kidole. Katika shirika letu alikuwapo mama mmoja aliyefunga ndoa kanisani. Mume wake alipokwenda kuishi na mwanamke mwingine, ndugu za mume walikuja jioni moja wakachukua watoto wawili, mvulana wa miaka minane na msichana wa miaka minne, pamoja na sare zao za shule. Walisema neno moja tu: "Ng'ombe wetu wako kwenu, watoto ni wetu." Mama yule hakukimbilia kwa askari wala kwa hakimu. Alikuja kwetu, wakubwa wa shirika. Nasi tulimwambia nini? Tulimwambia avumilie, asali novena, asimpeleke mume wake tribunalini, kwa maana angeliaibisha Kanisa. Tulidhani tumetetea ndoa.

Baba alikwenda kutafuta dhahabu upande wa Kamituga. Watoto walibaki kijijini kwa bibi yao, mzee asiye na nguvu za kulima. Miaka mitatu baadaye tulimkuta yule mvulana katika soko la Kadutu akibeba mizigo ya watu. Tulimfahamu, maana tulikuwa tumemfundisha kusoma. Mama yake, ambaye huuza sambaza sokoni humo humo, alikuwa amemwona kabla yetu, lakini mtoto hakumsalimu. Alikuwa ameambiwa kwamba mama yake aliwatupa. Hatimaye mtu mwenye akili kuliko sisi alimpeleka mama huyo mbele ya sheria. Huko aliulizwa: "Miaka mitatu hii yote ulikuwa wapi?" Akajibu: "Nilikuwa nikiwatii wakubwa wangu wa Kanisa."

Tangu siku ile neno hilo halijatutoka moyoni. Watoto walirudishwa kwa mama. Msichana anasoma. Mvulana alikaa nyumbani majuma machache, akarudi sokoni, kwa sababu alikuwa amezoea kujilisha mwenyewe. Hakuna hukumu iliyoweza kumrudishia miaka ile mitatu. Sisi ndio tuliompotezea.

Basi tuulize: je, Kanisa ndilo lililotutuma kusema vile? Tufungue Injili ya Mathayo, sura ya 19. Mafarisayo wanamjia Yesu na swali la talaka, naye anawarudisha kwenye mwanzo, mahali ambapo Mungu aliwaunganisha mume na mke. Sehemu hiyo tunaijua sote na kila arusi huisikia. Lakini endeleeni kusoma. Mara tu baada ya maneno hayo, katika sura hiyo hiyo, watu wanamletea Yesu watoto wadogo. Wanafunzi wanawakemea, Yesu anawakemea wanafunzi, kisha anawawekea watoto mikono. Injili ya Marko, sura ya 10, inafuata mpango ule ule: kwanza talaka, halafu watoto. Sisi tumekuwa tukifunga kitabu katikati ya sura. Tunashika neno kwa wazazi, tunaacha neno kwa watoto. Tena anayemwambia mama asiyepewa matunzo kwamba anyamaze kwa heshima ya ndoa anasimama upande wa wale wanafunzi waliowazuia watoto wasifike.

Wengine watatuletea mtume Paulo, ambaye katika barua ya kwanza kwa Wakorinto, sura ya 6, anawalaumu Wakristo wanaoshtakiana mbele ya mahakimu wapagani. Anawauliza kwa nini wasikubali kudhulumiwa badala ya kushindana. Ni fundisho takatifu, nasi hatulipunguzi. Lakini tazameni vizuri: Paulo anamwambia mtu akubali hasara yake mwenyewe. Mama anaweza kusamehe matusi aliyotukanwa. Anaweza kusamehe usaliti, hata mali yake iliyoliwa. Hayo ni yake. Lakini chakula cha mtoto si chake, wala ada ya shule ya mtoto, wala jina la baba katika cheti cha kuzaliwa. Mtu husamehe deni analodai yeye. Deni analodai mtoto hatuna mamlaka ya kulisamehe kwa niaba yake, tukiwa wazazi, wakubwa wa shirika, makatekista au mapadri. Paulo huyo huyo, katika barua ya kwanza kwa Timoteo, sura ya 5, anasema kwamba asiyewatunza watu wa nyumbani mwake ameikana imani na ni mbaya kuliko asiyeamini. Na yeye mwenyewe alipoonewa alidai haki yake ya uraia wa Roma, akakata rufani kwa Kaisari. Hakuona kwamba sheria ya nchi inamchafulia imani.

Kanisa nalo limesema kwa uwazi kuliko sisi. Kanuni ya 1153 ya Sheria za Kanisa inakubali kwamba mwenzi anayehatarisha vikali roho au mwili wa mwenzake au wa watoto anampa mwenzake sababu halali ya kutengana naye. Kanuni ya 1154 inaagiza kwamba wenzi wanapotengana, matunzo na malezi ya watoto lazima yapangwe ipasavyo, tena nyakati zote. Na Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2383, inafundisha kwamba ikiwa talaka ya serikali ndiyo njia pekee iliyobaki ya kulinda haki fulani halali, malezi ya watoto au urithi, inaweza kuvumiliwa bila kuwa kosa la kimaadili. Msitusikie vibaya. Kifungo cha sakramenti kinabaki. Hukumu ya serikali haimpi mtu ruhusa ya kuoa au kuolewa tena kanisani. Lakini mama anayekwenda mbele ya hakimu kuwatafutia watoto wake ugali hatendi dhambi, wala anayemnyima ekaristi kwa sababu hiyo halitetei Kanisa.

Sasa tuje kwenye sheria ya nchi yetu, hiyo ambayo vijana wetu hawataki kuisikia. Kanuni ya Jamaa ya Kongo ilitolewa tarehe 1 Agosti 1987, ikarekebishwa kwa sheria ya tarehe 15 Julai 2016. Inasema nini juu ya talaka? Kwanza, inasema kwamba talaka hutolewa na hakimu peke yake. Baraza la ukoo halina uwezo huo. Kumfungia mwanamke virago na kumrudisha kwao si talaka. Ni kumfukuza mtu, na hakumpi mfukuzaji haki yoyote juu ya watoto. Pili, kesi ya talaka hupelekwa katika Tribunali ya Amani, na kazi ya kwanza ya hakimu ni kujaribu kuwapatanisha mume na mke. Hakimu hawezi kuvunja ndoa mpaka aridhike kwamba maisha ya pamoja yamekuwa hayawezekani tena. Basi wale wanaotuambia kwamba tribunali ni kiwanda cha talaka hawajui kinachofanyika humo. Mara nyingi hakimu amejaribu kupatanisha kwa subira kuliko wajomba na mashangazi waliokuja tayari na kamba ya kufungia mizigo.

Tatu, juu ya watoto, sheria haiulizi ni nani aliyetoa ng'ombe. Inauliza ni wapi mtoto atakapopata faida kubwa zaidi. Hakimu anaweza kumkabidhi mtoto kwa mama, kwa baba, au kwa mtu wa tatu. Lakini yeyote atakayekaa naye, wazazi wote wawili wanabaki na haki ya kufuatilia malezi yake, na wote wawili wanapaswa kuyachangia, kila mmoja kadiri ya uwezo wake. Hapa vijana wa kiume wasikie vizuri: kunyimwa malezi ya mtoto hakumwondolei baba wajibu wa kumlisha. Na vijana wa kike pia wasikie: kupewa malezi hakumpi mama ruhusa ya kumficha mtoto asimwone baba yake. Mtoto si fimbo ya kumchapia aliyetukosea.

Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto iliweka Tribunali ya Watoto, na kuipa mambo ya utambulisho wa mtoto, ya uhusiano wake na wazazi, na ya matunzo yake. Sheria hiyo inaagiza kwamba katika kila uamuzi, faida ya mtoto iwe jambo la kwanza kuangaliwa. Na juu ya sheria hizo zote iko Katiba ya tarehe 18 Februari 2006. Kifungu chake cha 40 kinasema kwamba kuwatunza na kuwalea watoto ni haki ya wazazi na pia wajibu wao. Kifungu cha 41 kinampa kila mtoto haki ya kujua majina ya baba yake na mama yake, na kinakataza kumtupa mtoto.

Vipi watoto waliozaliwa nje ya ndoa, ambao midomo yetu hukimbilia kuwaita "watoto wa inje"? Kanuni ya Jamaa inasema kwamba kila mtoto Mkongomani anapaswa kuwa na baba, na kwamba hakuna mwenye haki ya kumpuuza mtoto wake, awe amezaliwa katika ndoa au nje yake. Inakataza kumbagua mtu kwa jinsi alivyozaliwa. Hata mtoto ambaye baba yake hakujulikana, tribunali inaweza kumwekea baba wa kisheria atakayebeba wajibu huo. Je, si aibu kwetu kwamba kitabu cha serikali kimewasemea watoto hao kwa upole kuliko baadhi ya mikutano yetu ya shirika?

Tunafika kwenye hoja inayosemwa kwa nguvu zaidi vilimani mwetu: kwamba mahari ndiyo humfanya mtoto awe wa ukoo wa baba. Sisi ni watu wa nchi hii na hatudharau desturi ya wazee wetu. Ng'ombe wa mahari waliunganisha koo mbili, wakawafanya watu wengi kuwa mashahidi wa ndoa, na wakamzuia kijana asichukue binti wa watu kama mtu anayeokota kuni. Lakini wazee walioweka desturi hiyo waliweka pia wajibu: ukoo uliomdai mtoto ulimpa shamba, maziwa na mlezi. Leo tunaona koo zinazodai mtoto na kukataa mzigo wake. Wanamchukua kwa jina la ng'ombe, halafu wanamwachia bibi mzee, au mtaa, au soko. Huo si utamaduni. Ni nusu ya utamaduni, nusu ile isiyogharimu kitu. Anayesema "mtoto ni wetu" na asimlishe amesema uongo mbele ya wazee wake na mbele ya Mungu.

Tunajua pia lawama ya mwisho, nayo ni nzito kuliko zote: kwamba tribunali ni ya wenye fedha, kwamba faili hulala, kwamba hukumu haitembei yenyewe kumtafuta mtu aliyejificha migodini. Ni kweli, wala hatutawadanganya. Tumewaona akina mama wakishuka kwa miguu kutoka Bagira mara tano kwa ajili ya karatasi moja. Lakini hukumu si kitu cha bure. Baba mwenye mshahara anaweza kulazimishwa na tribunali sehemu ya mshahara huo ipelekwe nyumbani. Mtoto aliyeandikwa kwa jina la baba yake hafukuzwi kirahisi siku ya kugawa urithi. Tena maskini hana budi kujua kwamba kuna milango isiyodai fedha nyingi: chama cha mawakili kina ofisi ya ushauri wa bure kwa wasiojiweza, na Kanisa lenyewe lina Tume ya Haki na Amani. Ikiwa njia ya sheria ina miiba, kazi yetu ni kumsindikiza mama anayeipita. Tukimkataza kuipita tunakuwa mwiba mmoja zaidi.

Turudi basi kwa yule mzee na mfano wake wa mlango. Alisema kwamba kujifunza sheria ya talaka ni kuonyeshwa mlango wa kutokea. Sisi tunamjibu kwa heshima: Mzee, mtu anayejenga nyumba kando ya bonde la Kadutu huchimba mtaro wa maji kabla ya mvua, wala hatuambiwi kwamba anaitamani mafuriko. Kijana anayejua kabla ya kuoa kwamba kila mtoto atakayemzaa ni deni lisilofutwa na ugomvi, wala na safari ya migodini, wala na mwanamke wa pili, huyo ataoa kwa woga mtakatifu. Ujuzi huo haulegezi ndoa. Kinachoilegeza ni kule kujua kwamba mwanamume anaweza kuondoka na hakuna mtu atakayemdai chochote, kwa sababu Wakristo watamwambia mke wake anyamaze.

Kwa hiyo tunawaomba mambo machache, nayo yako ndani ya uwezo wenu. Yeyote kati yenu anayejiandaa kwa ndoa asiridhike na arusi ya kanisani na sherehe ya jamaa. Aende pia komini ndoa iandikwe, kwa maana mbele ya sheria ya nchi ndoa isiyofungwa au kuandikwa inavyotakiwa haitoi haki zake. Yeyote aliyezaa amwandikishe mtoto katika siku 90 baada ya kuzaliwa, akiwa ameoa au hajaoa, na baba asione haya kutaja jina lake. Katika shirika, mtakapoona watoto wamechukuliwa kwa nguvu au wameachwa bila matunzo, msingoje miaka mitatu. Jaribuni kuwapatanisha wazazi, ndiyo, na mfanye hivyo kwa moyo wote. Lakini wekeni siku ya mwisho, na ikifika bila mtoto kula, msindikizeni mama, au baba ikiwa ndiye aliyeachiwa watoto, mpaka mbele ya hakimu. Na msikubali kubeba maneno ya uongo kati ya mtoto na mzazi wake. Yule mvulana wa sokoni aliambiwa kwamba mama yake alimtupa. Aliyemwambia hivyo alikuwa Mkristo, na sisi tuliokuwa tukijua ukweli tulikaa kimya.

Siku ile ya mafundisho iliyokataliwa tutaipendekeza tena, kwa kikundi kile kile na kwa vingine. Tutakuja na Biblia, na Katekisimu, na Kanuni ya Jamaa, vyote vitatu juu ya meza moja. Njooni na maswali yenu, hata yale ya hasira. Tunataka tu ya kwamba mama mwingine wa Bukavu akiulizwa alikuwa wapi, asijibu tena kwamba alikuwa akitutii sisi.

Tumsifu Yesu Kristo.

Maswali ya kutafakari katika vikundi

1. Katika shirika letu, ni watoto gani wanaoishi mbali na baba au mama yao, na nani kati yetu anajua kama wanakula na kusoma?

2. Tumewahi kumshauri mtu anyamaze kwa ajili ya heshima ya Kanisa? Nani alilipa gharama ya ukimya huo?

3. Someni Mathayo 19, aya ya 3 mpaka ya 15, bila kusimama katikati. Yesu anawadai nini wazazi? Na anawadai nini wale wanaowazuia watoto?